Kuuliza AI kuhusu mto wako: anza na chungwa na rula, simu baadaye

Sisi wa Tanga mvua ikipiga Amani, kule milimani Muheza, siku mbili tatu mfululizo tunajua, Mto Zigi unageuka rangi ya chai ya maziwa, na ndo maji hayohayo yanayojaza bwawa la Mabayani tunalotegemea mjini. Kwa hiyo mto huu unatuhusu hata kama hujawahi kupanda Muheza.

Kosa nililoanza nalo mimi ni kuiandikia chatboti, yaani ile AI ya kuchati nayo kwenye simu, "niambie kuhusu mto Zigi". Ikanijibu vizuri kabisa, kwa kujiamini, kwamba Zigi unamwaga maji Mto Pangani. Si kweli jamani, Zigi unaingia baharini wenyewe hapahapa Tanga. Nadhani imechanganya kwa sababu kiofisi Zigi uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, basi imeona majina yanakaa pamoja ikaunganisha. Toka siku hiyo sianzi na simu, naanza na mto, napima kitu kwa mikono yangu halafu ndo naiuliza maana yake.

Kupima kasi ya maji unahitaji chungwa tu. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 ukingoni, mmoja atupe chungwa majini upande wa juu wa mto, mwingine ashike saa upande wa chini, rudia mara tatu uchukue wastani. Mimi kwenye kijito kimoja nilipata sekunde 20, upana mita 4, kina kama sentimita 30. Nikaipa AI namba zote nikaiambia "nioneshe hesabu hatua kwa hatua", ikasema lita 600 kwa sekunde. Nikaiuliza, mbona chungwa linaelea juu tu, chini maji yanakokwenda polepole kwa sababu ya mawe hujahesabu? Hapo ikarekebisha, ikazidisha kwa 0.85, ikaja lita 510. Ukiibana kwa swali inakupa kitu, ukikubali jibu la kwanza umeondoka na lita 90 za hewa.

Ila usiingie majini ovyo kisa AI imekwambia "ingia katikati upime". Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na ukiwa Ruvu kule upande wa Bagamoyo kuna mamba na viboko, pima ukiwa darajani au uache kabisa.

Wadudu ndo napenda zaidi. Geuza jiwe kwenye maji yanayokimbia, ukiona kidudu bapa chenye mikia mitatu myembamba na vitu kama manyoya vinapepea ubavuni, hivyo ni vya kupumulia, huyo anataka maji yenye oksijeni nyingi, ni dalili njema. Ukikuta viminyoo vyekundu tu kwenye tope basi kuna shida. Piga picha uitume, lakini iambie itaje kundi tu isitaje spishi, maana mimi ilinitajia mdudu wa Marekani. Na iandikie mto uko wapi, mwezi gani, jana kulinyesha au hapana.

Siku hiyo kuna mzee analima iliki akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu yako inajua kwamba zamani hapa tulikuwa tunavuka maji yakifika kiunoni?" Nikamwambia haijui mzee, shikamoo, naomba unieleze. Niliandika yote aliyosema nikaiomba initengenezee maswali ya kuwauliza wazee wengine, na hapo ilinisaidia sana kuliko kote.

Kuhusu sheria, ukiiuliza itaje kifungu, halafu kakisome mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazungumzia mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli zinazoharibu haziruhusiwi humo.

Nyumbani nako, tega kikombe chini ya bomba linalovuja. Langu lilijaza mililita 250 kwa nusu saa, yaani lita 12 kwa siku, madumu 18 ya lita 20 kwa mwezi! Nilinunua washa, kile kimpira cha ndani ya bomba, siku hiyohiyo.

Namba zako ziweke na tarehe. Vuli ikianza rudi palepale, mita zilezile 10, chungwa jipya, halafu iwekee namba za nyuma na za sasa pamoja uiulize tofauti imetoka wapi.