Barua za uchumba za wazee: namna ya kuzipanga, kuzisoma na kuzitunza

Ukirithi barua ambazo babu na bibi yako walipelekeana kabla ya ndoa, usianze kwa kutafuta maneno ya mapenzi. Anza na tarehe. Mimi nilianza na mapenzi, nikakaa miezi miwili nikielewa mambo kinyume.

Barua zetu ni kumi na tisa. Zilikuwa kwenye bati la biskuti juu ya kabati la mama, hapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Babu alikuwa kazini kwenye reli, Mombo, ambako njia kutoka Tanga ilifika mwaka 1905. Bibi alikuwa kwao Pangani. Zote ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Za babu kaandika kwa mkono wake. Za bibi ziliandikwa na kaka yake, maana kwao mwari aliyeposwa hakumwandikia mchumba moja kwa moja. Kila neno lilipita kwa mkubwa. Hata babu naye anaanza kwa kumsalimu shemeji, anaeleza habari za kazi na mvua, na mwisho kabisa ndipo anasema nisalimie wa nyumbani. Huyo wa nyumbani ndiye bibi. Ukilijua hilo hutasema wazee hawakupendana.

Kabla ya kufungua chochote, nawa mikono uikaushe vizuri, usiwe na mafuta wala losheni. Tandika mezani kipande cha marikani kilichofuliwa. Chagua siku kavu. Masika ya Tanga si wakati wa kuzigusa, karatasi huwa imelegea kwa unyevu. Barua iliyokakamaa kwenye mkunjo usiilazimishe. Ifungue pale inapokubali, iache siku mbili tatu, ifungue tena kidogo.

Kisha piga picha. Simu inatosha. Kaa karibu na dirisha lenye mwanga lakini jua lisiingie, weka rula pembeni, piga mbele na nyuma, na bahasha pande zote mbili. Maandishi ya penseli yaliyofifia yanaonekana zaidi mwanga ukitoka ubavuni. Nyuma ya kila barua, kwenye kona, andika namba ndogo kwa penseli laini, na namba hiyohiyo kwenye bahasha yake na kwenye kila kilichokuwa ndani. Nasisitiza hapo: kilichotoka kwenye bahasha moja kirudi kwenye bahasha hiyohiyo, hata kama ni kikaratasi ambacho hukielewi.

Sasa tarehe. Barua mojawapo ya babu ina "mfunguo nane 1330". Mimi nikasoma mwezi wa nane, nikaiweka Agosti. Lakini ndani babu anasema mvua imekata njia na mto umejaa. Agosti? Nikadhani anatia chumvi ili asilaumiwe kwa kuchelewa kuja. Nilimdhulumu. Mfunguo mosi ni Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo mfunguo nne ni Muharamu na mfunguo nane ni Jamadi ya kwanza. Mwaka 1330 wa Hijria ulianza mwishoni mwa Desemba 1911. Hesabu miezi minne, unafika Aprili 1912. Masika yenyewe. Babu alikuwa anasema kweli tupu.

Ukitaka kukadiria mwaka tu, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 halafu jumlisha 622. Kwa mwezi na siku tumia programu ya kalenda kwenye simu, ila acha nafasi ya siku moja huku na huku, kwa kuwa mwezi ulifuata kuandama. Barua isiyo na tarehe, tazama stempu. Stempu ya Mjerumani yenye thamani kwa pesa, sarafu ndogo ya wakati huo, ni ya kabla ya stempu za heller, sarafu iliyofuata, kuingia mwaka 1905. Yenye heller ni ya baadaye. Yenye chapa ya G.E.A., yaani German East Africa, ni ya wakati Mwingereza ameshika nchi, na yenye kichwa cha twiga ni ya kuanzia 1922. Kwa sababu hiyo usibandue stempu hata moja, wala usimuuzie mtu.

Kosa la tarehe si la kwetu peke yetu. Familia moja ya Uingereza iliwahi kunitumia picha za barua za wachumba wawili wa Kikwekeri, watu wa dhehebu la Kikristo ambao wenyewe hujiita Marafiki. Mwanamume alikuwa Pemba, ambako Wakwekeri walianzisha misheni Banani mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Mchumba wake alikuwa kwao Uingereza. Walitaka niwasomee maneno ya Kiswahili aliyochomeka humo: shamba, karafuu, kibarua, baraza.

Wakwekeri wa zamani hawakupenda kutaja siku na miezi kwa majina yanayotokana na miungu ya kipagani. Walihesabu: Mwezi wa Kwanza, Siku ya Kwanza. Kwa miezi ya karne ya ishirini hakuna taabu, Mwezi wa Tano ni Mei. Taabu ni siku, hasa kwetu sisi ambao nasi tunahesabu. Siku yao ya Kwanza ni Jumapili. Kwa hiyo ukikuta 7, Mwezi wa 5, 1907, Siku ya Tatu, usiandike Jumatatu. Ongeza moja: ni Jumanne, na kalenda ya simu itakuthibitishia. Siku ya Saba, basi, ni Jumamosi.

Barua zao zilikaa majuma baharini, zikapishana. Mwanamke anauliza jambo, na barua inayofuata ya mwanamume haina jibu, wala si jeuri. Swali bado lilikuwa njiani. Ndiyo maana nashauri utengeneze orodha yenye tarehe ya kuandikwa na, muhuri wa posta ukisomeka, tarehe ya kufika. Panga barua za pande zote mbili pamoja, kisha soma kama mazungumzo. Ukizitenga za mume huku na za mke kule, hupati kitu.

Jua pia desturi ya ndoa ya wenyewe. Kwa Wakwekeri hakuna padri wa kufungisha. Wachumba husimama katikati ya mkutano wa ibada wa kimya, wakaahidiana wenyewe, na waliohudhuria wote hutia sahihi kwenye cheti. Basi barua zikijaa habari za mkutano na majina ya watu wa mkutano, hayo ni maandalizi ya harusi, kama vile kwetu zinavyojaa mshenga, kishika uchumba na mahari.

Kuhifadhi sitakawiza. Usitumie selotepu wala gundi. Usiweke vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Usilaze bati sakafuni. Zifunge kwenye marikani, kisha kwenye boksi la karatasi ngumu, mbali na ukuta wa nje, na kila baada ya miezi mitatu kagua kama kuna mchwa. Na tafadhali, usipeleke barua kuwekewa plastiki ya moto. Mimi nilipeleka moja kwenye duka fulani la vifaa vya ofisi, ikarudi na povu katikati ya salamu, na haitatoka humo tena. Nakala zake nimegawa kwa ndugu wanne, lakini karatasi yenyewe inaniuma mpaka leo.

Mwisho, soma kwa sauti mbele ya mzee. Herufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa Kiswahili: waandishi wengi waliandika p na b kwa herufi moja, na e haiachani na i, wala o na u. Katika barua ya bibi, ile namba kumi na moja, nilisoma kwamba amepokea "pete mbili". Miaka yote tukawa tunajiuliza ya pili ilikwenda wapi, na kuna waliomshuku shangazi mkubwa. Mwaka jana nilimsomea binamu wa mama, yuko Pangani, ana miaka themanini na tisa. Akanikatiza. "Mwanangu, babu yako alikuwa mshairi. Soma beti."

Nikatoa bahasha namba kumi na moja. Ndani mlikuwa na kile kikaratasi nilichokipa namba bila kukielewa, kimekunjwa mara nne, kina mistari minane. Beti mbili.