Namna ya kusoma mada ndefu bila kichwa kujaa

Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Ukiingiza umeme, unasoma nne kwenye simu, unazibonyeza kwenye mita, kisha unarudi kuchukua nne nyingine. Mkono wako unajua jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau wakifungua kitabu: kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliikadiria kuwa vitu saba, pungufu au zaidi kwa viwili. Mwaka 2001 mwenzake katika fani hiyo, Nelson Cowan, alipitia ushahidi upya akaishusha hadi karibu vinne. Nafasi hizo haziongezeki kwa kujikaza. Unachoweza kukuza ni fungu linalokaa katika kila nafasi.

Kwa mfano tutatumia neva (mishipa ya fahamu) 12 za kichwa, mada inayowasumbua sana wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Andaa daftari, kalamu, karatasi tupu na saa.

1. Tua mizigo mingine (dakika 5). Andika kila kinachokuzunguka kichwani: ada, nguo za kufua, mtu wa kumpigia. Mbele ya kila kimoja weka siku na saa ya kukishughulikia. Usiishie kwenye orodha tu. Jambo lisilo na mpango hurudi tena na tena katikati ya kusoma na kukalia nafasi mojawapo kati ya zile nne.

2. Simu ikae chumba kingine, dakika 25. Kuifunika mezani hakutoshi. Ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini hubaki kule ulikotoka. Mtafiti Sophie Leroy alilionyesha hilo mwaka 2009. Ukiitwa ghafla, kabla hujainuka andika mstari mmoja: umeishia wapi, na ukirudi utaanza na nini.

3. Gawa mafungu. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo kazi yote ilipo. Wengi huanza kukariri neva ya kwanza hadi ya 12 kwa mfululizo, na wakifika ya sita, ya kwanza imeshatoka. Uliza kwanza: zipi zinafanya kazi zinazofanana?

Neva za hisi pekee ni I (kunusa), II (kuona) na VIII (kusikia na usawa wa mwili). Za mwendo ni tano: III, IV, VI, XI na XII. Tano ni nyingi kwa fungu moja, basi likate mawili: III, IV na VI husogeza jicho; XI, ya shingo na mabega, ikae na XII, ya ulimi. Zinazobaki, yaani V, VII, IX na X, huchanganya hisi na mwendo. Umepata mafungu manne, na hakuna lenye zaidi ya vitu vinne.

Fungu lazima liwe na sababu. Ukikata tatu tatu kwa kufuata namba tu, utashika namba na kupoteza kazi ya neva, halafu swali la mgonjwa asiyeweza kugeuza jicho litakushinda.

4. Funga kitabu, andika. Kwenye karatasi tupu, toa fungu moja kutoka kichwani, kisha fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Ni kazi inayochosha, na ndiyo maana wengi hurudia kusoma tu. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwaacha mbali. Ule wepesi unaousikia ukisoma mara ya tatu ni kuyazoea maandishi.

5. Rudia baada ya siku 1, 3 na 7. Kila mara anza na karatasi tupu. Usiku lala: usingizini hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, hupitia upya yale ya mchana, na kukesha kunakata kazi hiyo.

Ukikwama. Ukijikuta unasoma mstari uleule mara tatu, usiongeze kahawa. Kata fungu nusu, andika nusu ya kwanza, ndipo uchukue ya pili. Kama hata nusu haikai, kuna neno ndani yake hulielewi. Litafute hilo kwanza.