Kuandika tasnifu kijisehemu kwa kijisehemu

Mwanafunzi wa uzamili anayerudi Dodoma mjini kutoka uwandani akiwa na madodoso yaliyojazwa na daftari la mahojiano, mara nyingi hufungua faili jipya, huandika "Sura ya Kwanza: Utangulizi", kisha hukaa mbele ya ukurasa huo siku tatu. Msomaji ndiye anayeanzia hapo; mwandishi halazimiki.

Anza na sura ya mbinu za utafiti, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo tayari katika pendekezo la utafiti lililopitishwa. Kazi iliyobaki ni kubadili wakati: "utafiti utahusisha wakulima 60" iwe "utafiti ulihusisha wakulima 54", na ueleze bila kuficha kwa nini sita hawakupatikana. Sura hiyo isomwe neno kwa neno, maana nimewahi kukutana na tasnifu iliyojalidiwa kabisa ambayo mtafiti wake bado "atawahoji" wanakijiji.

Hata hivyo, usijipangie sura nzima. Chukua kijisehemu kimoja, tuseme eneo la utafiti, na tuseme ulifanya kazi na wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma. Andika swali moja juu ya ukurasa: kwa nini Hombolo na si kwingine? Kwamba Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, litabaki, kwa sababu linaeleza uzito wa umwagiliaji kwa mkulima huyo. Kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973 ni kweli, lakini halijibu swali, hivyo liondoke. Aya tatu zikipatikana, kazi ya asubuhi hiyo imetosha.

Baada ya hapo andika matokeo, lengo mahususi moja baada ya jingine, ndipo urudi kwenye mapitio ya maandiko, ambayo sasa utayasoma ukijua unatafuta nini. Utangulizi ufuate, na ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu nzima, iwe ya mwisho.

Kuandika vipande vipande kuna hatari yake: aliyekuwa "mhojiwa" katika sura ya tatu huweza kuwa "mshiriki" katika ya nne na "mtoa taarifa" katika ya tano, na mtahini akadhani ni watu watatu tofauti. Weka karatasi moja ya istilahi pembeni, na kila chanzo unachokitaja kiingize kwenye marejeleo siku hiyo hiyo.

Kila sura iwe na faili lake, na jina la faili liwe na tarehe. Mimi sikufanya hivyo. Nilimpelekea msimamizi nakala ya zamani, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu kurasa 40, nami nikatumia wiki nzima kuhamishia masahihisho yake katika aya ambazo nusu yake nilikuwa nimeshazifuta. Sura zote ziunganishwe katika faili moja pale tu msimamizi atakapokuwa ameridhika na kila moja.