Kuhesabu uwezekano kwa karata za barazani

Wanafunzi wa takwimu ninaowafundisha hapa Mombasa hukariri kanuni vizuri, kisha wakakwama kwenye kuhesabu. Uwezekano ni sehemu tu: juu matokeo unayoyataka, chini matokeo yote, mradi kila tokeo lina nafasi sawa. Kazi ni kuzipata hizo namba mbili.

Hatua ya 1: Zidisha. Ukingoja feri Likoni, tazama namba za magari. Zinazoanza na KDA hufuatwa na tarakimu tatu, 001 hadi 999, kisha herufi moja. I na O hazitumiki kwa kuwa zafanana na 1 na 0, basi zabaki herufi 24. Kila tarakimu tatu zaweza kufuatwa na yoyote kati ya hizo: 999 × 24 = 23,976.

Hatua ya 2: Je, unarudisha? Karata ni 52 bila jokari: shupaza, kopa, uru na pau, 13 kila moja. Ree ni 4, hivyo kuchomoa ree ni 4/52, yaani 1/13. Ukiirudisha na kuchanganya upya, ree mbili mfululizo ni 1/13 × 1/13 = 1/169. Usipoirudisha, ni 4/52 × 3/51 = 1/221. (Barazani hakuna anayerudisha.)

Hatua ya 3: Je, mpangilio una maana? Hapa ndipo wengi huangukia. Ree ya kopa kisha ya uru, au ya uru kisha ya kopa, mkononi ni jozi ile ile. Ukifuata mpangilio, jozi zote ni 52 × 51 = 2,652, na za ree 4 × 3 = 12. Ukiupuuza, kila jozi imehesabiwa mara mbili. Gawa kwa 2 upate 1,326 na 6. 12/2,652 ni 1/221; 6/1,326 pia ni 1/221. Njia yoyote ni sawa, ila juu na chini zifuate njia moja. Anayeweka 12 juu ya 1,326 hupata 2/221, na hakuna kitakachomshtua. Kwa anayeanza, mimi napendelea kufuata mpangilio: hakuna cha kusahau kugawa.

Hatua ya 4: Ukiona "angalau", hesabu kinyume. Katika karata mbili, kukosa ree kabisa ni 48/52 × 47/51 = 188/221. Toa katika 1: angalau ree moja ni 33/221, karibu asilimia 15. Ukijumlisha 1/13 na 1/13 utapata 34/221. Hiyo 1/221 iliyozidi ni ile jozi ya ree mbili, umeihesabu mara mbili.