SOMO: Glezi ya majivu kama ya Wachina wa kale (soma kabla ya kunifuata inbox)

Jamani nimechoka kuulizwa kila wiki glezi hii, ile ngozi ya kioo juu ya vyombo vya udongo, inatengenezwaje, naandika mara moja. Glezi ya vyombo vya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, haikutoka dukani. Ni majivu ya kuni, udongo na moto mkali, basi.

1. Udongo uhimili joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Ule mwekundu wa vyungu utavimba na kulegea.
2. Chunga majivu, loweka, yakituama mwaga maji ya juu, rudia mara tatu. Vaa glavu, maji yale yanababua.
3. Yakikauka, changanya na udongo uleule nusu kwa nusu kwa uzito, ongeza maji, chuja, iwe kama uji mwepesi.
4. Chovya chombo kilichokwisha kuchomwa moto mdogo.
5. FUTA KITAKO. Hapa ndo nililia. Majivu yakiyeyuka yanatiririka kama asali, mi nikapaka nene mpaka chini nikidhani nene ndo uzuri, kufungua tanuri bakuli sita zimegandana na rafu, nimezibandua kwa nyundo na patasi, na rafu yenyewe ya kuazima, nikalipa. Acha vidole viwili toka chini bila glezi, na bakuli la majaribio liweke juu ya kigae kibovu. Bakuli za Changsha, kule China, za karne ya 9 ziko hivyohivyo, ukingo una glezi, kitako kikavu. Hawakuwa wavivu wale.
6. Choma mpaka 1,240 hivi.

MASWALI

– Mkuu jiko la mkaa linafaa?
Hatua ya 1, namba ipo.

– Nimeruka kuosha majivu, glezi ina mapele.
Sasa mimi nifanyeje?

– Samahani mwalimu, walijuaje majivu yanakuwa kioo?
Swali zuri hili! Tanuri la kuni linapeperusha majivu, yanatua kwenye mabega ya mitungi, kwenye joto lile yanakula udongo na kuyeyuka. Wakaona sehemu zinang'aa, baadaye wakaanza kupaka wenyewe.

– Mi yangu imetoka kahawia, nataka kijani.
Ni chuma kilekile cha kwenye udongo. Hewa ikiwa nyingi unapata manjano au kahawia, ukilibana tanuri hewa, moto ukakosa pumzi, inageuka kijani. Vigae vya Yue, vyombo vya China ya kale, vilivyochimbwa Shanga, mji wa kale kule Lamu, ni vya kijani hicho.

– Pumba za mpunga je?
Majivu yake hayayeyuki kirahisi, tia kidogo tu juu ya yale ya kuni, glezi inakuwa nyeupe kama tui. Mi naipenda kuliko kijani.