Namna ya Kuutazama Mchoro wa Millet wa Waokota Masazo

Unapousoma mchoro huu wa rangi ya mafuta, ambao mchoraji Mfaransa Jean-François Millet aliuonyesha mwaka 1857 na ambao sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris, anza na mikono kabla ya nyuso. Wanawake watatu wanaokota masuke ya ngano yaliyosazwa na wavunaji. Mtazame kwa makini yule wa kushoto, mwenye kitambaa cha buluu kichwani: mkono mmoja unafika chini, na mwingine ameukunja mgongoni, na hapo ndipo uchovu unapoonekana, ingawa uso wake umo kivulini.

Kisha peleka macho mbali, penye mwanga. Huko kuna marundo makubwa ya mavuno, mkokoteni uliosheheni na, upande wa kulia, msimamizi aliyepanda farasi, mdogo kiasi kwamba ni rahisi kumpita bila kumwona. Linganisha wingi ule na masuke machache waliyoyakusanya wanawake hawa, wala usiharakishe, kwa maana naamini umbali huo ndio kiini cha picha. Hatimaye fuata mstari wa upeo wa macho, uone jinsi miili ya wale wawili walioinama zaidi inavyobaki chini yake, katika rangi za udongo.