Jinsi ya Kuomba Taarifa za Thamani ya Mali za Reli Mwanza

Ghala la reli linapotaka kukodishwa, au mabehewa chakavu yanapotaka kuuzwa, mwananchi ana haki ya kujua mali hiyo ina thamani gani. Reli iliyobeba pamba ya wazee wetu wa Usukuma ni mali ya umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote wa Tanzania kuomba taarifa zake. Barua yenyewe ni fupi. Kinachotaka akili ni kujua unaomba nini, na kwa nani.

Anza na mwenye mali. Behewa linalovushwa ziwa kutoka Mwanza Kusini kwenda Uganda hupitia mikononi mwa taasisi tatu: njia na stesheni ni za Shirika la Reli (TRC), gati ni la Mamlaka ya Bandari (TPA), na MV Umoja ni ya kampuni ya meli ya serikali. Kila moja ina daftari lake la mali, kwa hiyo kila moja iandikiwe barua yake.

Halafu amua unataka thamani ipi. Hapa usiharakishe. Thamani ya vitabuni ni gharama ya awali ukitoa uchakavu wa miaka yote. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na jengo la zamani hizo linaweza kusomeka karibu na sifuri kwenye hesabu ilhali abiria bado wanakata tiketi ndani yake. Bei ya soko inafaa kwa ghala, kiwanja au injini, maana wanunuzi wapo. Tuta na mataruma yaliyolazwa havina soko pale vilipo. Mthamini hukadiria gharama ya kuvijenga upya leo, kisha akapunguza uchakavu. Omba pia kiwanja kitenganishwe na jengo, kwa sababu ardhi ya mjini karibu na ziwa hupanda bei huku kuta zilizo juu yake zikichakaa.

Usichanganye bei ya mkataba na thamani. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Fela, Misungwi, Juni 2021, kwa mkataba wa zaidi ya shilingi trilioni 3. Hiyo ni ahadi ya malipo kwa mkandarasi. Ujenzi usiokamilika huandikwa kwenye hesabu kama mali inayoendelea kujengwa, peke yake.

Sasa andika, tuseme kwa Mkurugenzi Mkuu wa TRC: jina lako, anwani, simu, kisha kichwa, "Yah: Ombi la taarifa za thamani ya mali." Mwili uwe hivi:

"Naomba nakala ya kurasa za daftari la mali za kudumu zinazohusu stesheni ya Mwanza, karakana na njia za pembeni, zikionyesha mwaka wa kujengwa, gharama ya awali, uchakavu uliolimbikizwa na thamani iliyobaki hadi tarehe 30 Juni ya mwaka wa fedha uliofungwa. Kama uthamini mpya umefanyika, naomba tarehe yake na njia iliyotumika."

Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA. Peleka nakala mbili za barua masijala, moja igongwe mhuri na kuandikwa tarehe, ubaki nayo. Asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye atakayeandika. Unaweza kutozwa gharama za kutoa nakala.

Taasisi ina siku 30 za kujibu. Inaweza kukataa kwa sababu za usalama wa taifa au maslahi ya kibiashara, na zabuni ikiwa wazi sababu hiyo ya pili ina uzito. Ndiyo maana nimeshauri uombe hesabu za mwaka uliofungwa. Ongeza sentensi ya kuomba sehemu isiyozuiliwa itolewe hata kama nyingine itabaki.

Ukikataliwa, una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi apitie uamuzi, na asipokuridhisha unakata rufaa kwa Waziri anayehusika na masuala ya sheria. Wakati ukisubiri, soma ripoti za mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu mashirika ya umma. Zinapatikana bure, na hoja za ukaguzi juu ya mali za kudumu zitakusaidia kuandika maswali makali zaidi.